Mgomba Uliovuka Uzio

Jumatatu, 3 Februari 1986. Ambanoro

Naandika Kiswahili cha marehemu babu, aliyekuwa mfanyabiashara Mahajanga, kwa sababu humu nyumbani hakuna anayekisoma. Nyumba ni ya mke wangu, Koulsoum. Kitanda chake. Kuku wake. Ndiyo desturi yetu Wangazidja: mume huhamia kwa mke na mkoba wake. Silalamiki. Lakini mtu mzima anataka walau kitu kimoja kiitwe "cha Msaidié". Nimeamua kiwe mgomba.

Nimezika chane nzima ya ndizi mbivu, zile zenye vidoadoa vyeusi katikati. Mbegu hizo. Nimezimwagilia na sijamwambia mtu.

Jumatano, 26 Februari

Sisimizi wamenenepa. Mgomba hakuna. Koulsoum aliyaona mashimo, akacheka mpaka akakaa chini. Akasema ndizi zetu hazina mbegu. Mgomba huzaa watoto chini ya ardhi, ubavuni mwa mama yao, na hao ndio hupandwa. Angeniambia mapema. Kweli, sikumwuliza.

Basi nikatazama uzio. Upande wa pili, karibu kabisa, umesimama mgomba wa jirani yetu Tadjiddine, anayeuza ndizi sokoni Andoany na kutembea kama vile ndizi alizibuni yeye. Nimwombe mtoto mmoja? Bora nife. Nina mpango: watoto watakuja wenyewe. Kila jioni namwaga upande wetu maji ya kuoshea vyombo, majivu na mavi ya mbuzi. Penye chakula wageni hawakosi.

Ijumaa, 11 Aprili

Wamekuja! Watoto wawili wamechomoza upande wetu. Mmoja mwembamba, majani kama visu, sura ya mwenye njaa. Wa pili ana majani mapana, mrembo, anajua kusimama. Siwezi kulea wote. Yule mwembamba nimemchimbua na kumtupa kwa Tadjiddine. Mtu asiseme sina ukarimu.

Jumapili, 13 Aprili

Vita. Tadjiddine alipiga hodi asubuhi. Alinishukuru kwa yule mwembamba, ameshampanda, kisha akamdai na mwenzake. Alisema mama yuko kwake, basi mtoto ni wake. Akaongeza maneno ya Kifaransa, kama kawaida yake akitaka kuonekana ana haki. Tukaenda kwa mama mkwe, Bi Hadjira, aliyekuwa barazani akichambua mchele.

Hapo nilisema vizuri kuliko siku zote za maisha yangu. Kwetu, nilimwambia, mtoto huwa wa nyumba alimozaliwa, na huyu kazaliwa nyumba hii. Bi Hadjira alifikiri, akasema nina haki, mtoto ni wa nyumba hii. Tadjiddine akanywea. Nilikuwa naanza kutabasamu alipomalizia: na nyumba hii ni ya Koulsoum.

Kwa hiyo nimeshinda kesi, na mgomba ni wa mke wangu. Nimeumia sana. Mchana sikula chochote, ila wali kidogo na samaki.

Jumapili, 1 Februari 1987

Mgomba wa mke wangu umetoa ua, likainama, ndizi zikaanza kuonekana. Ni chache na fupi. Nami nimeulea kwa mikono yangu, maana mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Upande wa pili, yule mwembamba amebeba mkungu mzito hadi Tadjiddine ameuwekea miti miwili ya kuuegemeza. Koulsoum anasema wenye majani membamba ndio wa kupanda, kwa kuwa wameshikana na mama barabara. Wenye majani mapana ni sura tu. Umdhaniaye ndiye siye, akasema, akinitazama mimi. Nilimjibu kwamba Tadjiddine anatia dawa.

Jumamosi, 2 Mei

Ramadhani. Koulsoum amekata mkungu wetu na kupika ndizi kwa nazi. Zilitutosha futari moja. Tadjiddine alileta chane mbili kubwa za kwake, kwa adabu inayoudhi. Nilionja ndizi moja tu. Nne.

Baada ya kula nilimwambia Koulsoum yaliyo moyoni: miaka yote hii sina hata kitu kimoja changu hapa, na jambo hilo linaniuma. Hakucheka. Alisema mgomba amenipa, mimi, mbele ya mama yake. Niuchukue pamoja na watoto wake wote, na hao watoto niwatunze, maana mali iko kwao. Machozi yalinitoka. Nilisingizia pilipili.

Jumatatu, 4 Mei

Mgomba wa Msaidié! Nimeuzunguka asubuhi nzima. Tadjiddine alikuwa anakata wake kwa panga, chini kabisa. Aliniambia juu ya uzio kwamba mgomba huzaa mara moja tu, kisha watoto hushika nafasi. Wivu huo. Anataka na mimi nikate wangu.

Nimeufunga kamba usianguke. Chini yake nimekuta watoto wanne, wote wembamba, majani kama visu, wamemzonga mama yao wanamnyonya. Ndiyo maana mkungu ulikuwa mdogo! Nimewang'oa wote na kumtupia Tadjiddine. Alinishukuru sana, hata akanipa mkono.

Sasa mgomba wangu unapumua. Nimeuwekea miti miwili ya kuegemea, tayari kwa mkungu wa pili.