Mrudishe Yule Mwanamke Aliyelala Mbele ya Tingatinga

Ndugu Mwongozaji wa Filamu,

Natumaini u mzima na kikohozi kimekuachia. Mimi ni yule fundi cherehani wa mtaa wa ufukweni, ambaye mwaka jana mliigeuza baraza yangu jukwaa, mkapiga filamu ya mji wetu unaonyemelewa na kampuni ya mahoteli. Kwa heshima zote naleta malalamiko, na nimeyatia namba ili usije ukasema hukuyaona.

1. Mwigizaji uliyempa nafasi yangu ni mzuri kupita kiasi. Anatunga uzi bila miwani, analia bila kamasi. Mume wangu akiiangalia filamu huniambia ninyamaze, ati nisimkatize mke wake. Hili ningelimeza.

2. Mmemfanya kinyozi wetu msaliti, wa kwanza kuuza nyumba yake. Jamani, kinyozi wa watu hana hata choo chake, amepanga! Sasa wanaume wamemsusia, wananyoana wenyewe kwa wenyewe, na vichwa vya mji mzima vinafanana na bustani iliyopekuliwa na kuku.

3. Hapa ndipo penye kidonda. Katika filamu yako, mimi nalala mbele ya tingatinga, dereva anazima injini, na mji mzima unanipigia makofi. Ndugu yangu, mimi? Mimi nikiona jogoo mkali hupita njia nyingine. Marehemu mama alinifunza kwamba kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, nasi kwetu tumecheka tangu enzi za bibi.

4. Kampuni ya kweli imekuja, na nguzo ya baraza yangu imepigwa alama nyekundu. Nyumba hii aliniachia mama. Ndimo nilimozaliwa, ndimo ninamoshonea, na wakiibomoa sina pengine pa kuweka hata sindano. Nikadhani mji utainuka. Wallahi umeinuka, umeniletea mkeka! Wifi yangu aliutandika barabarani akaupima kwa macho, kisha akanisihi nilale ubavu wa kushoto kama kwenye filamu, ndio unaonipendeza. Nilipouliza wenzangu watakuwa wapi, nikajibiwa kwa upole kwamba watakuwa pembeni wakipiga makofi. Wamenivika kilemba cha ukoka, na mbuzi wa kukila ana meno ya chuma.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Mrudishe yule mwigizaji kabla ya Alhamisi, siku ya kubomoa, aje alale yeye, maana ndiye aliyeanza. Mume wangu amejitolea kwenda kumpokea stendi, na tangu jana anapiga pasi shati. Ikishindikana, basi badilisha mwisho wa filamu, fundi cherehani atimue mbio, ili nami mji uniruhusu kukimbia bila kusemwa.

Nisalimie mpiga picha, na yule binti wa poda aliyenisifia ngozi. Wifi anakusalimu sana na anauliza kwa nini yeye hakuonyeshwa. Kinyozi hakusalimu.

Wako katika woga wa dhati,
Fundi cherehani, mwenye baraza

Baada ya sahihi: Barua sijaituma bado, na tingatinga limekuja leo Jumatano, watu wote wakiwa makazini. Nilikuwa nimesimama mlangoni, mtungi wa maji mkononi, nimeshachagua njia ya kukimbilia. Msimamizi akanitazama usoni, kisha akamgeukia dereva akamwambia aendelee, humu hamna mtu. Ndugu, nilikuwa karibu naye kiasi cha kumgusa! Sijui miguu ilinipelekaje, ila sasa nimeketi katikati ya barabara, lami inaniunguza, meno yanagongana kwa woga, na injini imezimwa. Hakuna hata mmoja wa kupiga makofi. Tafadhali, yule mwigizaji usimtume. Akija, watasema ni yeye aliyeketi hapa.