Nilivyojipiga Marufuku kwenye Kompyuta ya Mchungaji

Pwani yote ya kaskazini ya kisiwa chetu cha Savai'i hapakuwa na kompyuta yenye ubavu wa kunigomea! Hayo niliyasema mwenyewe, kwa sauti, sebuleni kwa mchungaji, mbele ya akina mama wa kwaya, mikono ya shati nimeikunja kama daktari wa upasuaji.

Ukweli, ambao sikuona haja ya kuutaja, ni kwamba miaka yangu yote katika duka la kompyuta kule Auckland nilikuwa mbeba maboksi. Lakini nilirudi kijijini na bisibisi, na ukoo ulikuwa umetoka kunisimika uchifu. Sikuwa Ioane tena, nilikuwa Fuatavai, na mtu mwenye jina la kichifu hasemi "sijui" hadharani. Mimi, angalau, nilishindwa.

Kompyuta ile ilikuwa imekataa kuwaka, na Jumapili ya Watoto ilikuwa imekaribia. Mistari ya kukariri na mchezo wa kuigiza vyote vilikuwa humo ndani. Mama Mchungaji, Solonaima, alivichapa peke yake mwezi mzima, hana nakala nyingine, na mazoezi yalikuwa yaanze jioni hiyo hiyo. Vikipotea, watoto wangesimama kanisani na nguo zao nyeupe, mbele ya jamaa waliopanda ndege kuja kuwasikiliza, wakikodoa macho tu.

Nikaipiga windo upya, yaani nikaiwekea mfumo mpya wa kuiendesha, bila kufuta kitu. Ikawaka! Nikafungua akaunti mpya, nikaipa jina langu la kichifu, nikabofya folda ya watoto. Kompyuta ikaandika: huna ruhusa.

Ugonjwa huo niliujua, mafundi wa dukani walikuwa wakiulalamikia. Mafaili bado yalikuwa mali ya akaunti ya zamani, nayo ilishakufa na mfumo wake. Nikaingia kwenye mipangilio, nikajimilikisha folda nzima, mistari ikafunguka. Akina mama wakapiga makofi. Nikaletewa kikombe cha kakao nzito na bakuli la sapasui, zile tambi zetu za nyama, na Mama Mchungaji akaenda kutafuta karatasi za kuprinti.

Ningetulia hapo, leo ningekuwa mtu wa heshima. Lakini nikakumbuka kwamba vijana wa kijiji huingia pale kucheza gemu, nikaona folda inahitaji ulinzi wa mkono wangu. Kwenye mipangilio palikuwa na orodha ya watu, na kando yake visanduku viwili: ruhusu na kataza. Juu kabisa paliandikwa "kila mtu". Nikatia tiki kwenye kataza.

Msinicheke kwanza. Kwetu baraza la machifu likipiga marufuku, tunaelewana. Baragumu la sala ya jioni likilia, ni marufuku mtu kukanyaga barabara. Na barabarani amesimama nani? Machifu, wamejaa tele, wanamvizia atakayekanyaga. Anayepiga marufuku hayumo ndani ya marufuku. Nilidhani kompyuta nayo imelelewa hivyo.

"Haya, mheshimiwa, tuprinti," Mama Mchungaji akasema.

Nikabofya. Nikabofya tena.

"Inasemaje?"

"Inasema sina ruhusa."

"Nani kakunyima?"

"Mwenye folda."

"Na mwenye folda ni nani?"

"Fuatavai."

Akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni. "Si ndiye huyu anayekula sapasui yangu?"

"Mwombe taratibu," akadakia Bibi Tulima wa sauti ya pili. "Wakubwa hupenda kubembelezwa."

Jasho likanitoka. Nikaizima, nikaiwasha. Nikaipuliza vumbi. Nikaisemesha kwa lugha ya heshima, ile ya barazani, ikazidi kunikatalia. Hapo niliogopa kweli. Mwezi mzima wa kazi ya mama wa watu ulikuwa mikononi mwangu, nami nilichokuwa nacho ni bisibisi.

Nikampigia binamu yangu Lupesina, ambaye ni fundi kwelikweli huko Auckland. Nilitaka kunong'ona, lakini Mama Mchungaji akanipokonya simu, akaweka spika.

"Kaka, umegusa wapi?"

"Pale kwenye kila mtu. Nimekataza."

Nikasikia anawaita wenzake wa ofisini waje wasikilize.

"Kaka Ioane, wewe ni mtu?"

"Mimi ni chifu."

"Basi kompyuta haijapata habari. Hapo umo na wewe, na kataza huishinda ruhusu. Bahati yako folda bado ni yako, orodha utaweza kuibadilisha. Toa hiyo tiki, halafu utoke kwenye kiti."

Nikaitoa. Folda ikafunguka. Safari hii hakuna aliyepiga makofi, maana akina mama walikuwa wakijifuta machozi ya kicheko. Mama Mchungaji peke yake hakucheka. Alikaa kwenye kiti changu, akafungua ule mchezo, akaanza kuchapa.

"Nasahihisha kidogo tu," alisema.

Jumapili nikakaa mbele pamoja na machifu wenzangu. Mchezo ulikuwa wa Nuhu, na Nuhu alikuwa binti yangu mwenyewe, Sieni, na ndevu za pamba. Akawapandisha wanyama, akampandisha mkewe na wanawe, akatangaza kwamba kuanzia sasa ni marufuku kila mtu kuingia, akaubamiza mlango wa safina. Kisha akatazama huku na huku. Alikuwa nje.

Mvua ya ndoo ikaanza kumwagika. Nuhu akagonga mlango.

"Nani?" akauliza nguruwe kutoka ndani.

"Ni mimi, mwenye safina."

"Huna ruhusa," akajibu nguruwe.

Kanisa zima, mchungaji akiwemo, likageuka kunitazama.