Kamati ya Kulinda Hadubini

Kwa niaba ya Kamati ya Kuwatayarisha Watahiniwa wa Biolojia na Kulinda Vifaa Vyake, nina fahari kuu kuwatangazia wananchi wote, kuanzia Kitengela hadi Kajiado mjini, kwamba mwaka wa 1999 tulileta mapinduzi katika somo la Biolojia. Mimi ni Munguti, Katibu wa Kamati. Najua kuna porojo zinazopigwa pale steji ya matatu kuhusu jambo hili, na kazi yangu ni kuzinyoosha.

Mambo yalianzia shule moja ya kutwa hapa Kitengela, ambayo sitaitaja kwa sababu yenyewe haipendi kutajwa pamoja nasi. Mwalimu wao wa Biolojia, Bi. Naliaka, aliingia ofisini kwangu, pale ofisi ya bodi ya elimu, akalalamika kwamba kidato cha nne watafanya mtihani wa vitendo bila kuwahi kuchungulia ndani ya hadubini. Alikuwa ameandamana na msichana mrefu aitwaye Muthoki, nadhani kama kielelezo.

"Huyu anataka kusomea unesi," Bi. Naliaka akasema. "Bila gredi ya maana kwa Biolojia hawamchukui. Na hadubini anaijua kwa mchoro tu. Sasa ile hapo juu si ya shule?"

Alikuwa akionyesha sanduku la mbao juu ya kabati langu la faili. Nilimweleza kwa upole kwamba ndiyo, ile ilikuwa hadubini ya shule, waliyopewa na wafadhili miaka kadhaa iliyopita, na kwamba inakaa ofisini kwa ajili ya usalama. Hadubini ni kitu cha thamani. Ukimpa mwanafunzi, ataigusa. Sisi tulikuwa tumeifunika kitambaa cha kufuma, kazi ya mikono ya mke wa Mwenyekiti, na juu yake tukaweka thamosi ya chai. Miaka yote hiyo haikupata hata mkwaruzo mmoja.

"Kwani itakaa hapo mpaka tumalize shule?" Muthoki akauliza.

"Itakaa salama," nikamhakikishia.

Msichana alitazama sanduku lile jinsi mtu anavyotazama chakula cha jirani. Bi. Naliaka alimshika bega wakatoka bila kunywa chai, jambo ambalo nililichukulia kama utovu wa nidhamu.

Hata hivyo sisi si watu wa kupuuza kilio cha umma. Mwenyekiti wetu, Bwana Gakuru, aliunda Kamati wiki hiyo hiyo. Tulikutana mara nyingi, na hatukuacha suala lolote bila kulijadili. Je, mwanafunzi atazame kwa jicho moja au yote mawili? Jicho lisilotumika lifanye nini wakati huo? Kulikuwa na Kamati Ndogo ya Kitambaa. Mwishowe tuliazimia kwamba hadubini ikabidhiwe shule rasmi, kwa sherehe, kisha irudishwe ofisini kabla ya jioni.

"Wataiona," Mwenyekiti akasema akifunga mjadala. "Na kazi ya hadubini ni kuona."

Sasa, sherehe bila mbuzi ni mkutano tu. Fungu letu la chakula lilikuwa limekwisha kwa sababu ya vikao, lakini fungu la vifaa vya maabara lilikuwa zima, halijaguswa na mtu tangu lizaliwe. Kwa busara ya Mwenyekiti, mbuzi aliandikwa kuwa kifaa cha maabara. Tulimnunua kwa Mzee Gedi, mchuuzi wa mifugo, ambaye alikuwa amemtoa pande za Rombo, kule kwenye vinamasi.

"Mmeita daktari wa mifugo akague nyama, apige mhuri?" Mzee Gedi akaniuliza.

"Mzee, huyu si nyama. Huyu ni kifaa."

"Haya. Hicho kifaa kimekula majani yangu tangu jana, na kinakohoa."

Nilimweleza kwamba daktari wa mifugo hana mamlaka juu ya vifaa vya maabara, na kwamba kumwita kungekuwa kuingilia idara ya wenyewe. Mzee Gedi akasema wallahi hajawahi kusikia hayo, akanikabidhi kamba.

Siku ya sherehe ilifana. Mgeni wa heshima alikuwa Mwenyekiti mwenyewe, aliyekubali mwaliko wetu licha ya shughuli zake nyingi kama Mwenyekiti. Sanduku liliwekwa mezani likiwa limefungwa, na kitambaa chake juu, ili vumbi lisiingie. Watahiniwa walisimama juani wakaliona. Tulihutubu kuhusu umuhimu wa sayansi hadi wawili wakazirai, na mimi nikaliandika hilo kwenye kumbukumbu kama dalili ya kuguswa na mada.

Kisha chakula. Kwa itifaki yetu, ini ni la Mwenyekiti, na wengine tunafuata kwa vyeo, kila mmoja akimegewa kipande kidogo cha hilo ini kama ishara ya umoja. Hapo Bi. Naliaka akainuka na ombi.

"Mwenyekiti, kwa vile mbuzi ni kifaa cha maabara, naomba watoto wakiangalie kabla hakijaisha."

Mwenyekiti alikuwa na furaha, na mafuta kidevuni. "Waje," akasema. "Lakini wasiguse."

Basi Muthoki akaja na daftari na penseli, akasimama kando ya sahani ya Mwenyekiti, akaanza kuchora. Mwenyekiti aliinua kidevu, akatulia hivyo kwa muda, akidhani anachorwa yeye.

"Mwalimu," Muthoki akasema, "hii mirija ya nyongo iko na vitu ndani. Ziko flat, kama jani ndogo."

"Ni ngapi?"

"Hapa kwa sahani ni mbili. Zingine amekula."

Bi. Naliaka aliinama akatazama. "Ni minyoo ya ini," akasema.

Mwenyekiti alikuwa na tonge mdomoni, na kwa kuwa hakuna itifaki ya kutema mbele ya umma, akalimeza. Mimi niliisukuma sahani yangu mbali, na sioni aibu kusema kwamba niliogopa sana.

"Mwalimu," Mwenyekiti akanong'ona, "sasa sisi tutakufa?"

Muthoki alifungua mdomo kujibu. Bi. Naliaka akamkanyaga mguu. Wakati ule nilidhani ni bahati mbaya.

"Siwezi kusema kitu bila vipimo," Bi. Naliaka akajibu polepole. "Mayai ya hiyo minyoo hayaonekani kwa macho. Yanataka hadubini, na ile ya zahanati iliharibika kitambo."

"Na si hii hapa?" Mwenyekiti akafoka. Alikivuta kitambaa cha mkewe kwa mikono yake mwenyewe, kikaangukia kwenye bakuli la supu, na hakuna mjumbe wa Kamati Ndogo aliyenyanyua mkono kupinga.

Tangu wiki ile, utaratibu mpya ukaanza. Kila Jumatatu asubuhi sisi wanakamati tulijipanga nje ya maabara, kila mtu na sampuli yake ya choo ndani ya kasha la kiberiti, jina limeandikwa juu. Mwanafunzi alitokea mlangoni akaita. "Gakuru!" Hakuna cha Mheshimiwa. Mwenyekiti alijibu "Present" akaingia akiwa ameinamisha kichwa.

Majibu ya kwanza yalitolewa na Muthoki. Alizungusha kile kirungu cha pembeni, akafumba jicho moja bila kuomba azimio la mtu, akatulia.

"Mayai yamo," akasema. "Mengi."

Mwenyekiti alikaa kwenye ndoo. Bi. Naliaka alimtuliza, akamwambia hali inahitaji kufuatiliwa kwa karibu, pengine hadi mtihani uishe. Wiki zilizofuata mayai yakaadimika, naye akasema yatazamwe zaidi kwa sababu huenda yamejificha. Walipomaliza zetu, watoto waliweka ngozi ya kitunguu, wakaweka mate yao, wakaweka maji ya mtaro wa hapo sokoni. Walikokotoa ukuzaji wa lenzi. Walichora. Nilipouliza kwa mazoea kama hadubini itarudi ofisini jioni, Mwenyekiti alinigeukia kwa hasira ambayo sijawahi kuiona.

"Nani amesema irudi? Ikivunjika njiani, mimi nitapimwa na nini?"

Mtihani ukaja, ukapita. Matokeo yalipotoka mwaka uliofuata, shule ile ilikuwa haijawahi kupata gredi kama zile kwa Biolojia. Muthoki alipata A ya kutoa, akaitwa chuo cha uuguzi. Alipita ofisini nimgongee mhuri nakala za vyeti vyake, na kwa vile tulikuwa wawili tu, nikaona nimwulize jambo lililokuwa likininyima usingizi.

"Hawa minyoo, msichana wangu, wanaishi ndani ya mtu miaka mingapi?"

Aliniangalia kwa huruma. "Mzee Munguti, hiyo minyoo hushikwi nayo kwa kula ini. Lazima ipitie kwa konokono kwanza, halafu ikae kwa majani ya majini. Yale mayai tuliona yalitoka kwa ini ya mbuzi, yalikuwa yanapita tu. Ile siku nilikuwa nataka kusema."

"Na haya yameandikwa wapi?"

"Kwa kitabu. Tulisoma tukiwa Form Two."

Nilimgongea mhuri, akaondoka na vyeti vyake. Nami nikakaa nikalitafakari jambo hili kama Katibu. Mwenyekiti akijua, hadubini itarudi juu ya kabati kesho asubuhi, na mimi nitatakiwa kueleza kwa nini Kamati nzima ya Biolojia ilishindwa na somo la kidato cha pili. Kikao cha mtu mmoja kiliketi papo hapo kikaamua asiambiwe.

Taarifa hii nimempelekea Jumatatu hii, kule kwenye foleni, maana bado anaenda. Mwenyekiti hajawahi kusoma ninayoandika. Aliitia sahihi upesi, karatasi ikiwa juu ya mgongo wa kijana wa kidato cha tatu aliyekuwa mbele yake, kisha akaingia ndani mbio kwa sababu jina lake lilikuwa limeitwa mara mbili.