Linux Mpya, Skrini Nyeusi na Mimi

Leo nimepatikana. Heri niwaambie mwenyewe kabla hamjasikia kwa watu wa mtaa wetu wa Shieywe, maana aliyeshuhudia alitoka akicheka mpaka barabarani.

Mnaijua kompyuta ya ofisi yetu ya kupiga chapa, ile niliyoiwekea Linux badala ya Windows bila kufunzwa na mtu. Mama Ayuma, mwenye ofisi, alinipa sharti moja: siku Linux itakapokwamisha mteja, inatoka na Windows inarudi. Leo nikaiwekea toleo jipya kutoka kwa CD. Nilisoma maagizo, nikayarudia. Nilinakili faili zote kwenye disketi, nikaziandikia lebo kwa rula (ndiyo, rula). Kila kitu kikaenda sawa. Halafu nikaona zile herufi zinazotokea mashine ikiwaka ni nene mno, kama za bango. Nikachagua ndogo, safi. Nikawasha upya.

Skrini nyeusi tii!

Hapo hapo akaingia Mzee Lutomia. Binti yake anaolewa kesho, na programu ya harusi, ile ratiba ya sherehe, imo ndani ya mashine hiyo hiyo.

"Kijana, nipe karatasi zangu niende."

"Kidogo tu, mzee. Inajipanga."

"Inajipanga gizani?"

Mama Ayuma akaacha chai yake, akaja kusimama nyuma yangu. "Hii mashine ilikuwanga sawa. Umeifanyia nini?"

Taa ya diski ilikuwa inawaka na kuzimika, kwa hivyo mashine ilikuwa hai. Nikaingiza jina langu na neno la siri bila kuona. Baada ya hapo sikujua la kufanya. Lakini macho manne mgongoni! Fundi hakai mikono mitupu. Nikaanza kuandika haraka haraka, kama mtu anayejua. Niliandika lolote lililokuwa moyoni. Nani angeona?

"Ona vile anapiga," akasema Mzee Lutomia. "Huyu kweli amesoma."

(Nilijisikia vizuri. Naungama.)

Ndipo akili ikanijia: labda skrini yetu ndogo haiwezi kuonyesha herufi nilizochagua. Nikabeba skrini kubwa iliyokaa bure kwenye meza ya Mama Ayuma, nikaichomeka, nikageuka kwa madaha. "Tazameni sasa!"

Wakatazama. Mama Ayuma akasoma kwa sauti, polepole, kama somo la kanisani:

"Mungu nisaidie. Sijui ninachofanya. Mama Ayuma arudi kwa chai yake. Mzee atoke aende."

Na chini ya kila mstari mashine, ikidhani neno la kwanza ni amri, ilikuwa imejibu kwa Kiingereza kwamba haijui amri inayoitwa Mungu, haijui amri inayoitwa Sijui, wala haijui amri inayoitwa Mama, wala Mzee.

Mzee Lutomia akashika ukuta kwa kicheko. "Hata Mungu haimjui! Mama, umetuletea nini hapa?"

Masikio yaliniwaka moto. Lakini sikutoroka! Sasa nilikuwa naona. Nikarudisha zile herufi nene, nikachomeka skrini ndogo, nikawasha. Ikawaka! Programu ya harusi ikatoka kwenye printa safi, jina la bwana harusi katikati kabisa.

"Na Windows sirudishi," nikasema kabla sijaulizwa.

"Nani amekuambia urudishe?" akasema Mama Ayuma. "Hiyo ikiwa haijui kitu, inasema haijui. Wewe usipojua, unapiga vitufe."

Basi chekeni mkitaka. Linux imebaki kazini. Mimi ndiye niko kwa majaribio.