Bi Nukta na Ukurasa wa Kuungua

Jumatatu, 3 Machi
Siku ya kihistoria! Makala yangu kuhusu kuungua imepanda kwenye tovuti yetu ya afya. Maneno elfu mbili mia nne. Sentensi ya kwanza peke yake, mistari tisa. Nimeisoma kwa sauti, mlango nimeufunga. Nywele zikanisimama. Maneno yale yalitoka wapi?

Saa nane mhariri akaniita. Eti watu wanaifungua, wanakaa sekunde kumi na moja, wanaondoka. Nikamweleza kwamba wameshikwa na bumbuwazi. Akasema Bi Nukta ataandika upya.

Bi Nukta! (Jina nimempa mimi, kimoyomoyo. Kila maneno manne, nukta.) Ana miezi mitatu tu kazini. Kabla ya hapo alikuwa anapokea simu za dharura hospitalini. Kupokea simu nako ni kuandika?

Jumanne, 4 Machi
Ukurasa wake umetoka. Naunakili wote: “Umeungua? Weka palipoungua chini ya maji ya bomba. Yawe baridi, yasiwe barafu. Dakika ishirini. Usipake mafuta. Usipake dawa ya meno. Jeraha likizidi kiganja chako, au likiwa usoni, nenda hospitali.”

Basi! Nimetafuta utangulizi, hakuna. Hitimisho, hakuna. Nimecheka mpaka mhasibu akachungulia.

Mhariri amekubali kurasa zote mbili zikae hadi Ijumaa, utakaosomwa zaidi ndio ubaki. Nimeandikia kundi la ukoo. Watu sitini na wawili! Kila mmoja afungue makala yangu na kuikalia dakika tano.

Jumatano, 5 Machi
Mimi: wasomaji arobaini na tisa. Bi Nukta: elfu kumi na nane.

Nikamwita fundi wa kompyuta, nikijua kaunta ya kuhesabu wasomaji imeharibika. Akasema ni nzima, na hata hajafunga mdomo, wakaongezeka mia mbili. Tukabaki tumesimama, tunaangalia tarakimu zinavyopanda. Sijawahi kuona kitu kama kile. Watu wote wale! Kila mmoja, mahali fulani, ana kidole kinachowaka.

Shangazi amepiga simu. Kanisifu sana, hakujua nimesoma kiasi hicho. Nikamwuliza kafika wapi. Mstari wa pili, ndipo usingizi ukamchukua. Na binamu, msaliti yule, kausambaza ukurasa wa Bi Nukta kwa ukoo mzima! Eti alidhani ndio niliokusudia. Wangu ulionekana kama mkataba wa kiwanja.

Alhamisi, 6 Machi
Naandika nikiwa nimetoka hospitalini.

Mama mkwe yuko kwetu wiki hii. Saa kumi jioni, jikoni, birika likamponyoka. Maji ya moto, kuanzia kiwiko hadi vidoleni. Mke wangu alikuwa dukani. Nyumbani ni mimi tu. Mtaalamu!

Nikafungua makala yangu kwenye simu. Historia ya moto. Nikashuka. Tabaka za ngozi. Nikashuka.

“Baba, nifanye nini?” akalia mama mkwe.

“Subiri kidogo, Mama. Bado niko kwenye utangulizi.”

Akaninyang'anya simu kwa mkono uliosalia. Akatafuta mwenyewe. Alikuwa amefungua bomba kabla hajamaliza kusoma mstari wa pili.

Nilimshikilia mkono chini ya maji dakika ishirini. Uso wake ukalegea polepole, pumzi zikamrudia. Nami mwili ukanisisimka. Mwanamke anayekaa meza ya tatu kutoka kwangu ameandika mistari michache, ikafika mpaka jikoni kwangu, ikamshika mama mkwe mkono kabla yangu!

Hospitalini daktari akasema yale maji yamemwokoa, ngozi itapona. Akauliza nani alimsaidia. Mama mkwe akanitazama. Akasema mkwe wake alikuwepo.

Ijumaa, 7 Machi
Nimemwendea Bi Nukta, nikamsimulia yote. Machozi yakamlengalenga. Nikamwuliza siri yake. Akasema kwa miaka tisa watu walimpigia huku wanalia, na mtu anayelia hasikii maneno mengi.

“Kwa hiyo nikiandika, kaka, namwona kashika simu kwa mkono mmoja. Ule mwingine ndio umeungua.”

Nikakaa chini. Ilikuwa juu ya pipa la takataka, lakini nikakaa. Kitu kikubwa namna ile, kasema huku anakoroga chai!

Nikaenda mwenyewe kwa mhariri, nikamwomba aifute makala yangu. Alikuwa ameshaifuta asubuhi. Nikaomba nafasi nyingine. Kanipa ukurasa mpya: mtu akipaliwa na chakula.

Jumatatu, 10 Machi
Mimi ni mtu mpya. Urahisi, urahisi, urahisi! Ila nimeona ni vyema kwanza kumwandaa msomaji kwa huo urahisi unaokuja, asije akashtuka. Niko ukurasa wa sita. Aliyepaliwa bado hajapigwa mgongoni. Avumilie kidogo. Lazima kwanza ajue koo ni nini.