Kidonge cha Haraka, Kidonge cha Polepole na Jiwe la Mama

Jumatatu, 7 Oktoba

Siku ya ishirini na tatu ya kidonge cha polepole, cha kutuliza akili. Mdomo mkavu. Tumbo linazunguka. Akili? Ipo palepale ilipokuwa. Daktari alisema nisubiri wiki sita, labda nane. Nane! Na jiwe la kaburi la Mama linafunuliwa Jumamosi hii.

Dada yangu Puseletso amepiga simu mara nne. Kondoo yupo. Kinywaji cha tangawizi kimeshatengenezwa. Blanketi la kufunikia jiwe limenunuliwa, la kahawia, rangi aliyoipenda Mama. Yamebaki maneno ya kuchongwa tu, na hayo ni yangu. Mama mwenyewe aliagiza kabla hajafa: jiwe aliandike Seabata, ndiye mwenye ulimi. Ni kweli ninao. Hapa Botshabelo hakuna mazishi mtaani kwetu ambayo sikuongoza ratiba yake. Fundi wa mawe, Mzee Makhetha, anayataka maneno kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Nimemwambia dada kwamba yameiva, bado kupakua.

Nikakaa na karatasi. Nikaandika "Mama". Kisha nikaona bawaba ya kabati imelegea. Sasa ni saa kumi na moja jioni na kabati lote liko sakafuni, ubao mmojammoja.

Jumanne, 8 Oktoba

Pitso! Huyu ni binamu yangu, mtoto wa mjomba. Ana tatizo letu lilelile la akili kutotulia, ila yeye kapewa kidonge cha kuchangamsha. Anameza saa moja, saa mbili kichwa kimetulia. Leo amepaka rangi ukuta wa nyumba yake. Ukuta mzima, hadi mwisho! Akanipitia makusudi, brashi mkononi, kuniuliza kama jiwe la shangazi limeshaandikwa. Nikasema karibu. Akacheka: "Karibu yako wewe, kaka, mtu anazaliwa, anakua, anaoa."

Kwa nini yeye na si mimi? Presha. Daktari Ferreira alishanieleza kwamba kidonge cha kuchangamsha hukimbiza moyo, na presha yangu iko juu. Hata hiki cha polepole anakitolea macho. Lakini hiki, kikishakolea, hufanya kazi kutwa. Cha Pitso huisha nguvu alasiri, humnyima hamu ya kula, tena kila mwezi lazima arudi kwa daktari kuandikiwa upya. Yaani mtu msahaulifu apewe dawa ambayo akisahau haipati! Nani alifikiri hivyo?

Mpango: kushusha presha. Chumvi marufuku hadi Alhamisi. Miadi ni saa tatu. Nitafika saa mbili, nikae, nipumue, nipimwe nimetulia tuli. Daktari hatakuwa na sababu ya kuninyima.

Alhamisi, 10 Oktoba

Saa tatu kasorobo nilikuwa bado natafuta viatu. Kimoja nilikipata chini ya kitanda. Kingine kilikuwa mguuni.

Nikakimbia hadi kliniki, jua kali, tumboni uji usio na chumvi. Nesi akanifunga mkanda mkononi. Mia moja sabini na mbili! Daktari akaitazama namba, akanitazama mimi. Akasema hatubadilishi kitu, niendelee na cha polepole, nafuu itakuja na nisiikimbilie. Nilitaka kumwambia isipokuja kabla ya kesho mchana Mama atakosa maneno. Nikaona aibu. Nikasema asante.

Zamani sikuhitaji dawa. Mama alisimama mlangoni kila asubuhi, ufunguo wangu mkono huu, chakula changu mkono ule, ananitazama miguuni kwanza. Hata nilipofika miaka arobaini. Siku moja nilimwambia ananisumbua, tena kwa sauti, majirani wakasikia. Alinipa ufunguo. Nasikitika hadi leo.

Ijumaa, 11 Oktoba

Nimeiba. Naandika ili nisijidanganye. Nilikwenda kwa Pitso kuazima ngazi, nikatoka na kidonge kimoja cha kabatini mwake. Saa mbili asubuhi nikakimeza.

Kwanza moyo ukagonga, nikaogopa. Kisha kichwa kikanyamaza. Sijui niseme vipi. Miaka arobaini na sita nimeishi na redio kumi kichwani, na leo zote zimezimwa. Nililia. Nikajua sasa naandika.

Ila nikaona ni vyema kwanza niweke kumbukumbu. Jedwali dogo tu. Kushoto cha haraka, kulia cha polepole. Njaa, usingizi, presha, muda. Mistari kwa rula, wino wa rangi mbili. Mstari mmoja ukapinda, nikaanza upya. Sijawahi kufanya kazi safi namna ile. Hata maji sikunywa.

Nilipoinua kichwa ilikuwa saa nane na robo mchana.

Mzee Makhetha hakupokea simu. Jioni akatuma ujumbe: jiwe limesimikwa, limefunikwa, na halina neno hata moja. Pitso naye akaja. Amehesabu vidonge vyake. Akasema hasira hana, ila kwa presha yangu kile kidonge kingeweza kunizika. "Na jiwe lako wewe nani angeliandika?"

Jumamosi, 12 Oktoba

Makaburini asubuhi. Nilimnong'oneza dada katikati ya nyimbo kwamba jiwe ni tupu. Hakugeuka. Alisema tu, "Kaa nyuma yangu."

Ratiba ilisema maneno ya jiwe nisome mimi. Akaenda yeye. Akavuta blanketi, akasogea mpaka pua inakaribia jiwe, mgongo wake umewaziba watu wote. Akasoma. Jiwe tupu, na dada yangu anasoma! Jina. Mwaka wa kuzaliwa. Kisha habari za Mama, bila kukwama, kidole kikifuata mistari isiyokuwepo. Wanawake wakaitikia. Wazee wakafuta macho. Alipomaliza akalirudisha blanketi, akatangaza kwamba kondoo ameiva, na hakuna aliyebaki kuchungulia.

Jikoni aliniambia siri hii ni yake na yangu. Mzee Makhetha atakuja kuchonga palepale Jumatano, nikimpelekea maneno. "Maneno umeyasikia, kaka. Andika hayohayo. Mimi sirudii, sina nguvu tena." Alikuwa analia. Nami nililia, nikamwapia.

Jumapili, 13 Oktoba

Nimetoka kanisani mapema. Karatasi, kalamu, mlango nimefunga.

Nakumbuka kidole chake. Nakumbuka sauti ilivyotetemeka penye jina. Nakumbuka mwanzo: "Hapa amelala..." Hapo shomoro akatua juu ya jiwe, akaanza kudonoa. Nikajiuliza anadonoa nini, jiwe lilikuwa limesimikwa Ijumaa tu, hata vumbi halijashika. Aliporuka, watu walikuwa wanasema amina.

Sina neno hata moja. Yalikuwa mazuri, hilo najua, niliwaona watu nyuso zao. Kumuuliza Puseletso siwezi. Labda Jumanne, hasira zikipungua.

Leo kanisani nimesikia kuna mtu huko mjini daktari wake kampa vyote viwili, cha haraka na cha polepole. Vyote viwili! Jedwali langu lina safu mbili tu. Natoka mara moja kutafuta karatasi kubwa zaidi, nikirudi naanza na maneno ya Mama.