Mimi si Mtafitiwa Namba Saba

Mheshimiwa Profesa Venanti, amahoro.

Mimi ni Sumaya, mwanikaji wa ndagala, dagaa wetu wa ziwani, hapa Magara tangu wewe hujaota ndevu. Nakuandikia kuhusu mwanafunzi wako Asmani, anayetetea memwari, tasnifu yake ya masta, siku ya Alhamisi. Ameniletea nakala, na mwalimu Kaoutar, jirani yangu, amenitafsiria yote kutoka Kifaransa. Nimeudhika, nasema kwa heshima zote:

1. Jina langu halimo. Nimeandikwa "Mtafitiwa Na. 7", kama mfungwa.

2. Nilimfundisha kwamba ndagala hawageuzwi mpaka mgongo ukauke. Ukurasa wa 31, maneno hayo yamekuwa ya mtaalamu wa Ubelgiji! Huyo bwana aliwahi kunusa ndagala lini?

3. Alikula kwangu siku nne, tena samaki mukeke wa kuchoma, si mchezo. Kwenye shukrani kamtaja Mungu, wewe, na mkeo. Mkeo kaanika nini?

4. Hili ndilo lililonichoma. Alituachia karatasi thelathini za maswali, moja kwa kila mwanamke. Sasa anaandika kwamba kumi na wanane wanavisifu vichanja vipya vya waya vya kuanikia, kumi na wawili wanavilaani, "kwa hiyo wanawake wa Magara hawana msimamo". Sisi! Wallahi hayo ni matusi kwa pwani nzima.

Kwa hiyo naomba jina langu likae kwenye jalada, juu ya la Asmani. Nikae mezani na nyinyi majaji, nimuulize swali la kwanza. Diploma ikitoka, itundikwe kwangu miezi sita, kwake miezi sita. La sivyo nakuja Bujumbura na kapu la ndagala wabichi, nilitue mlangoni mwenu jua likiwa kali.

Nisalimie walimu wenzako, mlinzi wa getini atakayenifungulia, na mkeo pia, sina ugomvi naye. Murakoze sana.

Mimi mwenye haki yangu,
Sumaya binti Amissi

N.B. Nilitaka kufunga bahasha, roho ikakataa. Wiki ile ndagala walivuliwa wengi mno, hakuna mwanamke aliyekuwa na nafasi, na mtoto wa watu alizitaka karatasi zake Jumamosi. Nikamwonea huruma, nikazijaza zote mwenyewe. Kumi na nane nilizijaza asubuhi, jua likiwaka vizuri. Kumi na mbili nilizijaza baada ya mvua kuniharibia ndagala wote. Basi jina langu lisiwekwe popote, nakusihi, na swali la kwanza uliza wewe, liwe jepesi. Mama yake kule Kizuka ameshashonesha kitenge cha siku hiyo. Mpitishe, Profesa.